Kuzima kuna aina nne, na mashine ya dada inazijua zote

"Mdogo wangu, hii mashine nikiizima nikaiwasha inawaka vizuri tu, ila yenyewe ikitaka kujizima na kujiwasha inakufa."

Hivyo ndo dada alivyonieleza kwenye simu, katikati ya Januari, na nyuma yake nasikia sauti za wazazi wanagombania foleni maana ule ndo msimu wa fomu za kujiunga kidato cha kwanza, kila mzazi anataka kuprintiwa ya mwanae na kila fomu ina kurasa kumi na kitu. Dada ana steshenari ndogo Tanga, pale Ngamiani, printa mbili, mashine ya kopi moja, mashine ya laminesheni, na kompyuta moja ya mezani ya mtumba ambayo ndo inalisha kila kitu. Ikilala hiyo duka zima linakuwa la kuuza kalamu na madaftari.

Nikamuuliza imeanza lini, akasema tangu ile apdeti. Windows ilijishushia apdeti yake ikaomba kuristati, akakubali, skrini ikawa nyeusi na haikurudi. Akaita fundi wa jirani, fundi akaangalia dakika mbili akasema hii ni Windows imeharibika, akapiga Windows upya kwa shilingi 20,000, na kwenye kupiga huko akafuta folda ya barua na CV za wateja wa miaka mitatu. Siku mbili baadaye apdeti ikaomba tena kuristati, skrini nyeusi. Fundi akarudi akasema basi hapo mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekwisha, tafuta CPU nyingine, yaani boksi zima.

Simlaumu sana fundi, na mimi nimewahi kupiga Windows kwenye mashine ambayo shida yake ilikuwa waya wa monita umelegea. Ila kuna swali moja linatakiwa kuja kabla ya mengine yote na hakuliuliza, na kwa bahati mbaya mimi pia kwenye simu sikuliuliza. Swali lenyewe ni hili: ukisema "nikiizima", unaizima vipi?

Ijumaa jioni nikapanda basi. Kutoka Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350, unafika umekunjamana ila unafika. Kwenye begi nilikuwa na bisibisi, kipimo cha umeme cha kawaida kile cha waya mbili nyekundu na nyeusi, brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, raba ya penseli, na betri moja ya CR2032, ile ndogo bapa kama sarafu. Hivyo vitu havizidi bei ya kupigiwa Windows mara mbili na vinatibu nusu ya kompyuta zote nilizowahi kuitiwa.

Jumamosi asubuhi kabla ya wateja nikakaa mbele ya mashine na sikugusa bisibisi. Hapa ndo watu wengi tunakosea, mkono unakimbilia kufungua wakati macho hayajaona kitu. Nikaiwasha, ikawaka kama kawaida, nembo, Windows, picha ya wajomba zake kwenye harusi. Nikabonyeza ristati. Windows ikajifunga vizuri, ile duara ikazunguka, skrini ikazima, feni ikaendelea kulia, na monita ikaandika haipati mawimbi. Nikasubiri dakika tano kwa saa ya ukutani. Hakuna nembo, hakuna mlio, hakuna kitu.

Mtoto wa dada, ana miaka kumi na anajua kila kitu, alikuwa kasimama pembeni. Nikamwambia bonyeza Num Lock, ile taa ndogo ya kibodi inawaka na kuzima? Akabonyeza mara nne. "Mjomba, haibadiliki." Hicho ni kipimo cha bure ambacho napenda kuliko programu zote za kupima kompyuta. Skrini ikiwa nyeusi lakini taa ya Num Lock inakubali kubadilika, mashine iko hai na shida iko upande wa picha, yaani waya, monita au kadi ya picha. Ikigoma kama hivi, basi mashine yenyewe imeganda, tena imeganda kabla haijafika hata kwenye Windows. Na kama imeganda kabla ya Windows basi kupiga Windows ni kama kupaka nyumba rangi kwa sababu geti halifunguki.

(Kama ya kwako inapita nembo halafu duara linazunguka mpaka kesho, hiyo ni kesi nyingine, hapo kweli mshukiwa ni Windows, dereva (programu ya kuendesha kifaa) au diski. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huwa inakuletea yenyewe ukurasa wa bluu wa matengenezo, anzia hapo, usianzie kwa kufuta.)

Sasa kuhusu kuzima. Kiswahili chetu kina neno moja tu, kuzima, na kompyuta ya mezani inazima kwa njia nne ambazo ndani yake hazifanani kabisa.

Kuna kuristati. Hapo umeme haukatiki, mashine inaambiwa tu anza upya, inarudi kwenye programu yake ya kuanzia iliyomo kwenye mazabodi, ile baiosi, na inakagua vifaa upya huku kila kitu bado kina umeme. Hii habari ya kuanza upya bila kukata umeme ni ya zamani, ile kompyuta ya kwanza ya IBM ya 1981 ndo ilikuja na vitufe vitatu Ctrl, Alt na Del, kazi ya mhandisi mmoja anaitwa David Bradley, na kilichofanyika ndani kinafurahisha. Ukibonyeza vile vitatu mashine inaandika namba 1234 sehemu fulani ya kumbukumbu halafu inaruka mwanzo, na baiosi ikiikuta ile 1234 inajua aah, huyu hajatoka kulala, huyu alikuwa macho, hivyo inaruka kupima rami, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ili isipoteze muda. Mpaka leo wazo ni lilelile, kuristati ni kuamka kwa mtu ambaye hakulala.

Kuna kushatidauni kwa kubonyeza kwenye Windows, na hii inadanganya. Tangu Windows 8 ya 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukishatidauni Windows inafunga programu zako lakini ile roho yake inaiandika kwenye diski, ukiwasha inaisoma kutoka pale badala ya kuanza moja. Ndo maana kwenye mashine nyingi za siku hizi kuristati ni kuanza upya kweli kweli kuliko kuzima na kuwasha, kinyume na tunavyodhani. Na hata ikiwa imezima hivyo, madamu waya uko ukutani, pawasaplai, kile kiboksi cha umeme cha ndani, inaendelea kutoa volti 5 kidogo za kusubiri, ili kitufe chako cha kuwasha kisikike.

Kuna kushikilia kitufe kwa sekunde kama nne mpaka ife. Hapo Windows haijaaga, ukiwasha itaandika kwenye kumbukumbu zake tukio namba 41, Kernel-Power, ambalo watu wakiliona wanapata presha na kununua pawasaplai mpya wakati lenyewe linasema tu nilizimwa bila kuagwa. 

Na kuna kuzima ukutani. Ekstensheni klik, kila kitu giza.

Sijui kwa nini sikumuuliza palepale anatumia ipi. Nilijiona najua.

Basi nikatoa waya zote nyuma nikalibeba boksi mpaka barazani kwenye mwanga, nikalifungua. Vumbi la Tanga lina chumvi ndani yake, linagandia kwenye feni kama unga wa ngano uliomwagikiwa na chai. Nikapiga brashi taratibu. Nikaangalia kapasita kwenye mazabodi, zile ngoma ndogo ndogo zimesimama, natafuta yenye kichwa kilichovimba au inayotoa uchafu wa kahawia, maana hizo ndo kama tangi la maji juu ya paa, kazi yake kushika umeme usiyumbe, zikichoka mashine inakuwa na tabia za ajabu hasa wakati wa kuwaka. Zote vichwa vyake bapa. Nikachomoa rami mbili, nikasugua meno yake ya dhahabu na raba ya penseli mpaka yakang'aa, nikafuta unga wa raba kwa kitambaa kikavu, nikarudisha mpaka zikalia tak, tak pande zote mbili.

Nikapima betri ya mazabodi, ile inayotunza saa umeme ukiwa umezimwa, inatakiwa iwe na volti 3, ikasoma 2.4. Nikamuuliza dada, saa ya kompyuta asubuhi huwa iko sawa? Akacheka. "Hiyo kila asubuhi inarudi zamani, na tovuti zinanikatalia mpaka niirekebishe." Akawa anadhani ni tatizo la bando. Tovuti zinazotumia usalama zinaangalia tarehe, ukija na tarehe ya miaka kumi nyuma zinakuona tapeli. Nikaweka betri mpya. Hiyo peke yake ilikuwa faida ya safari, lakini siyo iliyonileta.

Nikachomeka monita na kibodi tu palepale barazani, nikawasha, nikaristati. Ikarudi! Nikaristati tena, ikarudi. Mara kumi, mtoto anahesabu kwa sauti, mara kumi zote imerudi. Nikasema ni rami ilikuwa chafu, au betri, nikampigia mke wangu kabisa kumwambia kesho nageuza. Dada akaniletea chai ya maziwa na chapati mbili, nikanywa kama mtu aliyemaliza kazi.

Nikarudisha mashine mezani, nikachomeka kila kitu kama kilivyokuwa, kifuniko cha pembeni nikakiacha wazi kwa uvivu tu, nikawasha mbele ya dada ili aone. Ristati.

Nyeusi.

Hapo hakuna mtu aliyesema kitu. Dada akapitisha mkono kistaarabu kabisa nyuma ya meza na kubonyeza swichi ya ekstensheni, klik, akasubiri, klik, akawasha mashine, ikawaka. "Unaona? Ukiizima ukiiwasha haina shida."

Ndo nikaelewa kwamba mimi na yeye tumekuwa tunaongea lugha mbili wiki nzima. Kwake kuzima ni kuzima ukutani. Kila jioni anashatidauni halafu anazima ekstensheni kwa sababu anaogopa umeme ukikatika na kurudi usiku, na hofu hiyo siwezi kumlaumu. Nikamwambia dada, hebu ishatidauni tu bila kugusa ekstensheni, halafu iwashe kwa kitufe. Nyeusi. Shikilia kitufe izime, iwashe tena. Nyeusi. "Eeh, hivyo huwa haikubali mpaka nizime pale chini," akasema, kama kitu ambacho kila mtu anakijua.

Kwa hiyo shida siyo kuristati. Shida ni kuwaka popote ambapo ekstensheni haijazimwa. Kuna kitu kinabaki na umeme ambacho hakitakiwi kubaki nao. Na apdeti haikuwa na kosa lolote, isipokuwa apdeti ndo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashine hii kuristatiwa tangu sijui lini, maana miezi yote dada alikuwa anazima ukutani jioni na kuwasha asubuhi. Ugonjwa ulikuwepo, hakuna aliyewahi kuugusa.

Nikachomoa waya mzito wa umeme nyuma ya CPU. Waya tu wa CPU, ekstensheni nikaiacha inawaka, vingine vyote nikaviacha mahali pake. Mtoto alikuwa kashika tochi ya simu anamulika ndani.

"Mjomba, mbona kataa kanawaka na waya umetoa?"

Kwenye mazabodi kuna kataa kadogo ka kijani kanakoonyesha zile volti za kusubiri. Nikamwambia umeme kidogo unabaki kwenye kapasita, subiri sekunde chache kanazima. Akaanza kuhesabu. Alipofika sitini nikainama na mimi kuangalia. Kanawaka, hafifu, lakini kanawaka. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha ambacho kwa kawaida kinamaliza umeme uliobaki. Feni ikashtuka robo mzunguko ikatulia, kama mtu anayeota. Kataa kakafifia, halafu kakarudi.

Mashine haina waya wa umeme na ina umeme. Na uko Tanga, sasa hapo fikiria dada alivyoniangalia.

Nikaanza kuchomoa USB moja moja kutoka nyuma. Kibodi, kanawaka. Mausi, kanawaka. Nikachomoa waya mweusi mfupi, kataa kakazima papo hapo. Nikarudisha, kakawaka. Nikaufuata ule waya kwa vidole nyuma ya meza, chini ya rimu za karatasi, mpaka kwenye habu ya USB, kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa saba, ambacho dada alikinunua Novemba kwa shilingi 15,000 alipoongeza printa ya pili. Kina adapta yake ya umeme, imechomekwa kwenye ekstensheni ileile.

Kwa namna USB ilivyopangwa, umeme unatoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kifaa, na habu yenye adapta yake inaruhusiwa kulisha vifaa vilivyo chini yake lakini hairuhusiwi kurudisha umeme juu kwenye kompyuta. Ni kama ile valvu fundi bomba anaweka ili maji ya tangi yasirudi kwenye bomba la mtaa. Kwenye baadhi ya habu za bei rahisi mtu kabania hela, ile valvu hakuiweka. Kwa hiyo adapta ya dada ilikuwa inalisha fleshi, na pia inalisha mazabodi kwa mlango wa nyuma saa zote, mashine ikiwa imewaka, imezima, imechomolewa. Nikaweka kipimo kwenye tundu jingine la USB la CPU, waya mkubwa ukiwa bado nje, ikasoma volti 4 na ushee. Ilitakiwa isome sifuri.

Nini hasa kinatokea ndani wakati wa kuanza upya siwezi kukiona kwa macho, ila picha yake ni hii, baiosi inaita vifaa vyote vya USB vijitambulishe, na inategemea viwe vimeanza moja. Habu haijaanza moja, imekuwa macho muda wote kwa umeme wake yenyewe, imebaki kwenye stori za mwanzo, na baiosi inakaa inasubiri jibu. Ukizima ekstensheni vyote vinakufa pamoja na kufufuka pamoja, wanaelewana.

Ila sikutaka kurudia kosa la asubuhi la kushangilia mapema. Barazani ilipona kwa sababu ilikuwa uchi, haina habu, wala siyo kwa raba yangu. Safari hii nikabadilisha kitu kimoja tu: nikachomoa adapta ya habu ukutani, habu yenyewe na vyote vilivyo juu yake vikabaki. Ristati mara kumi, zote zikarudi. Nikarudisha adapta, ristati, nyeusi. Nikaitoa tena, ikarudi. Ukiweza kuuleta ugonjwa na kuuondoa kwa mkono wako mara mbili, hapo ndo unaweza kumpigia mke wako simu.

Na dawa ikawa hiyohiyo. Printa zote zina umeme wake, mausi na kibodi ziko kwenye CPU moja kwa moja, kwa hiyo habu haihitaji adapta kabisa, fleshi mbili tatu za wateja zinatosheka na umeme wa kompyuta, tundu la kawaida la USB 2 linatoa miliampia 500 na fleshi haili hata nusu yake. Angekuwa na diski ya nje inayokula umeme mwingi ningemwambia anunue habu nyingine ya maana. Fast Startup nayo nikaizima, siyo kwamba ilikuwa na kosa, ila dada anapenda kitu akikizima kiwe kimezima. Na nikamuonyesha folda mpya ya kazi za wateja jinsi ya kuinakili kwenye fleshi kila Ijumaa, hilo la kufutiwa barua za miaka mitatu bado linaniuma kuliko yeye.

Gharama yote, betri shilingi elfu moja na kitu. CPU mpya haikununuliwa.

Saa tano foleni ikawa imefika mlangoni. Apdeti ikaibuka pembeni ya skrini inaomba kuristati, dada akaniangalia, nikamwambia bonyeza. Wazazi wakanung'unika, mashine ikazima, nembo ikaja, ikarudi, akaendelea na kurasa alipoishia bila hata kusema asante, na mimi niliichukua kama ndo asante yenyewe.

Adapta aliitundika kwenye msumari karibu na mikasi. Mchana mteja mmoja akaiona akauliza chaja hiyo ya simu gani, unauza shingapi.

"Hiyo haiuzwi kaka," dada akamjibu, huku anahesabu chenji, "hiyo inawasha vitu usiku bila kuambiwa."